Mwaka wa majaribio katika nyumba za halmashauri nchini England: uamuzi hufanyika wapi?

Mtu anayekabidhiwa funguo za nyumba ya halmashauri nchini England, mara nyingi baada ya kusubiri miaka mingi katika orodha zenye jumla ya kaya zaidi ya milioni moja, huamini kwamba shida yake ya makazi imekwisha. Katika halmashauri nyingi haijaisha bado. Mkataba anaotia saini ni wa upangaji wa majaribio unaodumu miezi 12, na katika kipindi hicho anaishi kwa masharti dhaifu kuliko ya jirani yake wa ukuta kwa ukuta aliyehamia zamani, ingawa mwenye nyumba ni yule yule na nyumba zinafanana. Wengi, wakiwemo wapangaji wenyewe, hudhani kwamba mwaka huo ni wa kuangaliwa mwenendo tu, na kwamba likitokea tatizo watapata nafasi ya kujieleza mbele ya jaji, naye atapima haki iko upande gani. Sivyo ilivyo. Uamuzi wenye uzito hufanyika mapema zaidi, ndani ya ofisi za halmashauri, na mpangaji ana siku 14 tu za kudai kwamba uangaliwe upya.

Kilichopungua hakionekani mpaka tujue mpangaji wa kawaida wa halmashauri ana nini. Kabla ya mwaka 1980, halmashauri iliweza kumtoa mpangaji kwa kumpa notisi na kwenda mahakamani, bila kulazimika kuthibitisha kosa lolote. Sheria ya Nyumba ya 1980, iliyopitishwa chini ya serikali ya Margaret Thatcher na inayokumbukwa zaidi kwa kuwaruhusu wapangaji kununua nyumba zao, ndiyo pia iliyowapa ulinzi. Tangu hapo, halmashauri inayotaka kurejeshewa nyumba hutakiwa kuthibitisha sababu iliyotajwa katika sheria, na kwa sababu zilizo nyingi, malimbikizo ya kodi yakiwemo, jaji lazima aridhike pia kwamba kumtoa mtu huyo ni jambo la haki kwa kuzingatia hali yake yote. Jaji anaweza kukubali kwamba deni lipo, kisha akaamuru lilipwe kidogo kidogo kila wiki, na mpangaji akabaki nyumbani kwake maadamu analipa. Uwezo huo wa jaji wa kusitisha, kuahirisha na kuweka masharti ndio moyo wa upangaji wa kudumu, na leo umo katika Sheria ya Nyumba ya 1985.

Upangaji wa majaribio ulizaliwa kutokana na malalamiko dhidi ya ulinzi huo. Katikati ya miaka ya 1990, halmashauri kadhaa ziliiambia serikali ya John Major kwamba zilishindwa kuwatoa wapangaji wachache waliowatesa majirani kwa kelele, vitisho na uharibifu, kwa kuwa kesi zilichukua muda mrefu na mashahidi waliogopa kusimama mahakamani dhidi ya mtu wanayeishi naye ghorofa moja. Malalamiko hayo yalikuwa ya kweli, na anayeyapuuza hajawahi kuishi chini ya mtu anayepiga muziki hadi saa kumi za usiku. Jibu la Bunge lilikuwa Sehemu ya Tano ya Sheria ya Nyumba ya 1996, iliyoanza kutumika mwaka 1997, ambayo iliziruhusu halmashauri, bila kuzilazimisha, kuazimia kwamba wapangaji wao wapya wote wataanza kwa mwaka mmoja wa majaribio. Neno “wote” lina uzito hapa: halmashauri ikishaazimia, haichagui nani wa kujaribiwa na nani wa kuaminiwa tangu mwanzo, wala mpangaji hawezi kuambiwa kwamba amewekwa katika majaribio kwa sababu ya asili yake au historia yake.

Wanaosalimika ni wale waliokuwa tayari wapangaji wa kudumu wa halmashauri, au wenye ulinzi kamili katika chama cha nyumba (shirika lisilo la halmashauri linalopangisha nyumba za umma), hadi wakati wa kuhamia nyumba mpya. Mama anayehama kutoka nyumba ya halmashauri ya vyumba viwili kwenda ya vitatu kwa sababu watoto wameongezeka haanzi upya. Mkataba ukiwa wa watu wawili, inatosha mmoja wao awe na hadhi hiyo. Aliyekuwa katika majaribio mahali pengine akahama moja kwa moja, bila pengo, huhesabiwa muda aliokwisha kuutumikia.

Katika mwaka huo mpangaji hulipa kodi na kufuata masharti kama wengine, lakini haki kadhaa zimewekwa kando. Hawezi kununua nyumba, ingawa muda huo utahesabiwa baadaye katika miaka mitatu inayotakiwa kabla ya kuomba kununua. Hana haki ya kubadilishana nyumba na mpangaji mwingine, wala ile ya kisheria ya kupokea mpangaji wa chumba kimoja, na mabadiliko makubwa ya nyumba hayana ulinzi anaopewa mpangaji wa kudumu. Wajibu wa matengenezo, hata hivyo, haukupungua hata kidogo. Halmashauri inabaki na jukumu la kutunza paa, kuta, mabomba, umeme na mfumo wa kupasha joto kwa mujibu wa Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 1985, na tangu Oktoba 2025 kanuni zinazoitwa Sheria ya Awaab, zilizopewa jina la mtoto aliyefariki mwaka 2020 huko Rochdale kutokana na ukungu katika nyumba ya chama cha nyumba, zinawataka wenye nyumba wa umma kushughulikia hatari za dharura ndani ya saa 24 na kuchunguza unyevu na ukungu wenye madhara makubwa ndani ya siku 10 za kazi. Nalisisitiza hili kwa sababu wapangaji wapya wengi hukaa kimya juu ya ukungu katika chumba cha watoto wakihofia kuonekana wasumbufu. Mpangaji wa majaribio anayeripoti ubovu wa nyumba hajavunja sharti lolote, na nakala ya ripoti yake ni ushahidi utakaomfaa siku yoyote atakayotakiwa kujieleza.

Sasa tuje kwenye namna majaribio yanavyokwisha, kwa kuwa hapa ndipo tarehe zinapotawala. Mwaka ukipita na halmashauri haikufungua shauri mahakamani wala haikuongeza muda kwa utaratibu sahihi, upangaji hugeuka wa kudumu kwa nguvu ya sheria yenyewe. Hakuna mtihani wa mwisho, hakuna kikao cha kupitishwa, na barua ya kumpongeza mpangaji, hata ikija, ni taarifa tu. Notisi pekee haizuii jambo hilo: kama halmashauri imetoa notisi mwezi wa kumi na moja lakini mahakama haikufungua shauri hadi mwaka ukatimia, mpangaji amekwisha kuwa wa kudumu na notisi ile imepoteza nguvu. Kinyume chake, shauri likifunguliwa hata siku chache kabla ya mwaka kwisha, majaribio huendelea mpaka shauri limalizike.

Tangu Sheria ya Nyumba ya 2004, halmashauri inaweza pia kuongeza miezi 6, na kufanya jumla kuwa miezi 18. Ni lazima impe mpangaji notisi yenye sababu angalau wiki 8 kabla ya mwaka wa kwanza kwisha, na mpangaji ana siku 14 za kudai mapitio ya uamuzi huo. Kwa mkataba ulioanza tarehe 1 Juni, maana yake ni kwamba notisi ya kuongeza muda lazima iwe imetolewa kufikia siku za mwanzo za Aprili. Ikichelewa, haina kazi. Mpangaji anayeweka mkataba wake mahali salama na kujua tarehe yake ya kuanza anaweza kufanya hesabu hii mwenyewe kwa kalenda ya ukutani.

Halmashauri ikitaka kumtoa mpangaji ndani ya majaribio, huanza kwa notisi ya maandishi. Notisi hiyo lazima ieleze kwamba mahakama itaombwa kutoa amri ya kurejesha nyumba, itaje sababu za uamuzi huo, itaje tarehe ambayo kabla yake shauri haliwezi kufunguliwa, ambayo kwa kawaida si chini ya wiki 4 mbele, na imweleze mpangaji kwamba ana haki ya mapitio na mahali pa kupata ushauri. Sheria inadai sababu zitajwe lakini haitoi orodha ya sababu zinazokubalika. Malimbikizo ya kodi, kelele, mbwa, uchafu katika ngazi za pamoja, kutoishi ndani ya nyumba: chochote ambacho halmashauri inakiona kuwa uvunjaji wa masharti kinaweza kuandikwa.

Siku 14 huanza kuhesabiwa tangu notisi itolewe. Mpangaji akiomba mapitio ndani ya siku hizo, halmashauri inalazimika kuyafanya na kumpa jibu lenye sababu kabla ya tarehe iliyotajwa katika notisi. Kanuni za mwaka 1997 zinataka anayepitia asiwe amehusika na uamuzi wa kwanza, na ikiwa ni ofisa, awe na cheo cha juu kuliko aliyeamua. Mpangaji ana hiari ya kuandika maelezo yake au kudai kikao cha ana kwa ana. Akidai kikao, apewe taarifa ya angalau siku 5. Anaweza kuja na mtu wa kumsemea, awe wakili au la, kuleta mashahidi, na kuwauliza maswali waliotoa ushahidi dhidi yake. Ushauri wangu ni kwamba kikao kidaiwe karibu kila mara. Karatasi inasema “malimbikizo ya pauni 640”. Mtu aliyekaa mezani anaweza kueleza kwamba mshahara ulikatika pale alipolazwa hospitali, na kwamba pauni 200 zimekwisha kulipwa wiki hii.

Uzito wa kikao hicho unatokana na kinachofuata. Halmashauri ikishikilia uamuzi wake na kwenda katika mahakama ya kaunti, jaji hatakiwi kupima kama ni haki kumtoa mpangaji. Kifungu cha 127 cha Sheria ya 1996 kinamwamuru kutoa amri ya kurejesha nyumba, ilimradi notisi ilikuwa sahihi na utaratibu wa mapitio ulifuatwa. Hawezi kusema mpangaji abaki alipe kidogo kidogo. Anachoweza ni kuchelewesha kutoka kwake kwa siku 14, au hadi wiki 6 pale ambapo kutoka mapema kungemletea mateso yasiyo ya kawaida. Baada ya hapo, dalali wa mahakama ana ruhusa ya kuja mlangoni. Kwa hiyo mpangaji aliyeipuuza notisi akisema “nitajieleza mahakamani” anafika mahakamani akiwa na stakabadhi, barua ya daktari na mpango mzuri wa kulipa, na jaji, hata akimsikitikia, hana chombo cha kumsaidia nacho.

Je, mpango huu haukiuki haki za binadamu? Swali hilo lilifika mahakamani mapema. Mwaka 2001, katika shauri lililohusu halmashauri ya Bracknell Forest, Mahakama ya Rufaa ilisema mfumo unakubalika, kwa kuwa mapitio yana utaratibu wa haki na juu yake yapo mapitio ya kimahakama, ambapo mpangaji anaweza kupinga jinsi uamuzi ulivyofikiwa. Muongo mmoja baadaye mambo yalisogea. Mwaka 2010, katika shauri la Manchester, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikubali kwamba mtu anayekabiliwa na kupoteza makazi yake kwa mamlaka ya umma lazima aweze kumwomba jaji apime kama hatua hiyo inalingana na lengo lake, kwa mujibu wa Ibara ya 8 ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu inayolinda makazi ya mtu. Mwaka 2011, katika mashauri yaliyounganishwa kutoka Hounslow, Leeds na Birmingham, mahakama hiyo ilitamka kwamba kanuni hiyo inawahusu wapangaji wa majaribio pia.

Mlango huo, hata hivyo, ni mwembamba. Mahakama ya Juu ilisisitiza kwamba halmashauri inapotumia haki yake ya kumiliki na kugawa nyumba kwa mujibu wa sheria, huchukuliwa kuwa inafuata lengo halali, na kwamba jaji ayasikilize tu maombi yanayoonyesha tangu mwanzo hoja nzito kweli. Utetezi ulio na nguvu zaidi ni ule wa Sheria ya Usawa ya 2010: ikiwa kilicholalamikiwa kinatokana na ulemavu wa mpangaji, ugonjwa wa akili ukiwemo, halmashauri hutakiwa ithibitishe kwamba kumtoa kunalingana na lengo lake, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba ulinzi huo ni mkubwa kuliko wa Ibara ya 8. Mtu mwenye hali hiyo aitaje tangu kikao cha mapitio, akiambatanisha barua ya daktari.

Jambo moja katika mashauri haya limewaponza wengi. Halmashauri ikiona mpangaji anajitahidi, inaweza kuridhia abaki kwa masharti, kwa mfano alipe kodi na pauni kadhaa za deni kila wiki. Mpangaji hufikiri notisi imekufa. Katika shauri la Cardiff la mwaka 2002, Mahakama ya Rufaa ilisema halmashauri iliyofanya hivyo inaweza, masharti yakivunjwa, kuendelea mahakamani kwa notisi ile ile bila kutoa nyingine na bila mapitio mapya. Makubaliano ya namna hiyo yanamfaa mpangaji, lakini mpangaji ayajue kwa sura yake halisi: notisi bado ipo hai, na malipo ya mara moja tu yakikosekana halmashauri inaweza kwenda moja kwa moja mahakamani.

Ingawa mfumo ulibuniwa kwa ajili ya watesaji wa majirani, kodi ndiyo inayowafikisha mahakamani wapangaji wengi wa nyumba za umma, na mpangaji mpya ana sababu ya pekee ya kudaiwa. Msomaji wa Dar es Salaam aliyezoea kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo afahamu kwamba kodi ya halmashauri nchini England mara nyingi huhesabiwa kila wiki, tangu Jumatatu ya kwanza. Asiye na kipato cha kutosha hutegemea msaada wa serikali uitwao Universal Credit, na malipo yake ya kwanza huchukua takriban wiki tano tangu maombi. Msaada huo humjia mpangaji mkononi kwa mwezi, ukiwa umeunganisha fedha za chakula na za kodi. Hivyo mtu asiyefanya kosa lolote anaweza kuwa na deni la wiki tano kabla hajamaliza kufungua maboksi. Aliye na chumba cha ziada hukatwa pia, tangu Aprili 2013, asilimia 14 ya kodi inayolipiwa, au 25 vikiwa viwili au zaidi. Halmashauri zenye busara huyajua haya na hupanga naye mapema. Nisiloweza kulikubali ni zile zinazoacha kompyuta itoe notisi kwa deni lililosababishwa na ratiba ya serikali yenyewe.

Kwa familia za Waswahili, Wakongo na Waafrika Mashariki wengine walioko England, liko jambo la safari. Mkataba unamtaka mpangaji aishi katika nyumba hiyo kama makazi yake makuu. Msiba ukitokea Mombasa au Zanzibar, anayekwenda kuzika akakaa hadi arobaini anaacha nyumba imefungwa, na ofisa anayekuja kufanya ukaguzi wa kawaida wa miezi ya mwanzo anaweza kuandika kwamba nyumba imetelekezwa. Universal Credit nayo kwa kawaida huvumilia kutokuwepo nchini kwa mwezi mmoja tu, ingawa muda huweza kuongezwa hadi mwezi mwingine aliyefariki akiwa ndugu wa karibu. Barua pepe ya mistari mitatu kwa ofisa nyumba kabla ya kupanda ndege, yenye tarehe ya kurudi, huondoa sehemu kubwa ya hatari. Vivyo hivyo kwa ndugu anayefikia kwa wiki mbili akakaa miezi: atajwe, kwa sababu idadi ya wakaaji inagusa kodi, msaada na masharti. Anayepata barua ya Kiingereza asiyoielewa asingoje mtoto amalize mitihani ndipo amsomee. Aombe mkalimani siku hiyo hiyo, aandike “naomba mapitio na kikao”, na aweke ushahidi wa kutuma.

Msaada wa kisheria upo. Tangu Agosti 2023, kwa England na Wales, mtu aliyepata maandishi kwamba mwenye nyumba anataka kumtoa anastahili ushauri wa bure wa kisheria bila kupimwa kipato, na siku ya shauri huwepo mwanasheria wa zamu mahakamani. Mashirika ya hisani yanayotoa ushauri, Shelter na Citizens Advice, huelekeza pia. Hatari ya kuchelewa haiishii kwenye kupoteza nyumba. Aliyetolewa akienda tena halmashauri kama mtu asiye na makazi, halmashauri ile ile inaweza kuamua kwamba alijitakia mwenyewe, na uamuzi huo hupunguza sana wajibu wake wa kumpa makazi mengine ya muda mrefu, hata kama ana watoto.

Mipaka ya mfumo huu nayo itajwe. Wales, tangu Desemba 2022, ina mikataba ya utangulizi ya miezi 12 inayoweza kufika 18 chini ya sheria yake yenyewe. Scotland haimweki kila mpangaji mpya katika majaribio. Mkataba mfupi hutolewa kwa hali maalumu, kama aliyewahi kutolewa kwa bughudha. Vyama vya nyumba nchini England vimekuwa na mwaka wao wa kuanzia uliojengwa juu ya sheria ya upangaji binafsi na notisi isiyo na sababu, ambayo Sheria ya Haki za Wapangaji ya 2025 imekusudia kuifuta. Mpangaji aanze kwa kusoma jina la mwenye nyumba katika mkataba wake, kwani halmashauri na chama cha nyumba wanaweza kumiliki majengo yaliyotazamana huku wapangaji wao wakiwa chini ya sheria mbili tofauti.

Kwa halmashauri, haya yote yanategemea azimio la madiwani. Naona mwaka wa majaribio una kazi dhidi ya vurugu za kweli, lakini hauna uhalali wa kutumika kukusanya madeni, na diwani anayeombwa kura na wakazi wa mitaa hiyo anapaswa kuulizwa ni notisi ngapi katika kata yake zinahusu bughudha na ni ngapi zinahusu kodi. Sheria ya 1996 inairuhusu halmashauri kulifuta azimio lake wakati wowote, na siku linapofutwa, walio katikati ya majaribio huwa wapangaji wa kudumu bila kusubiri mwaka utimie.